Damu ya Pwani: maswali ninayoulizwa Malindi kuhusu Allison, selimundu na damu ya kuongezewa

Nilikuwa mtu wa maabara miaka 26, mingi yake hapa hapa Malindi. Nilipostaafu nilidhani nimeachana na damu. Wapi! Nikikaa barazani na kahawa yangu tungu, haipiti nusu saa kabla mtu hajaniletea cheti cha maabara nimsomee, au ubishi wa nyumbani niuamue. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili anayeuliza kesho nimwelekeze asome. Mimi si daktari. La matibabu ya mtoto wako mpelekee daktari wake.

Kwa nini kila swali la damu unalianza na huyo Allison?

Kwa sababu sehemu ya kazi iliyompa jina ilianzia kwenye damu ya watu wa Pwani, na ni nadra kukuta mtu Malindi amelisikia jina lake. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa kwenye shamba la wazazi wake Gilgil, Bonde la Ufa. Mwaka 1949 chuo cha Oxford, alikokuwa akisoma, kilituma msafara wa utafiti Mlima Kenya. Wenzake walifuata mimea na wadudu. Yeye alifuata damu. Alizunguka nchi akiomba matone kwa watu wa makabila mbalimbali, kisha akatazama kwenye darubini ni chembe nyekundu za nani zinazojipinda kama mundu zikinyimwa oksijeni.

Hesabu yake ilimshangaza. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na chembe hizo. Huko nyanda za juu hawakufika hata mmoja kwa 100. Ni nchi moja, na makabila mengine ni ndugu kwa lugha, lakini damu haifanani.

Mtu mwingine angeandika hiyo hesabu akarudi kwao. Allison alijiuliza jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo swali zuri kuliko yote katika fani yetu: selimundu, ugonjwa wa chembe hizo unaoua watoto kabla hawajazaa, ulipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi mpaka uishe, sasa mbona Pwani haukuisha? Lazima kuna kitu unachowapa walioubeba nusu, yaani waliorithi kwa mzazi mmoja tu. Na kilichoko Pwani na Ziwani ambacho hakiko milimani, kila mtoto wa Malindi anakijua, kinalia sikioni usiku.

Alirudi mwaka 1953 kuthibitisha. Alipima watoto wa sehemu za Kampala, akakuta wenye chembe za nusu mundu wana vimelea vichache vya malaria kuliko wenzao. Kisha akachukua watu wazima 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wenye hiyo hali na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria na kufuatiliwa. Kati ya wasio nayo, 14 walipata vimelea. Kati ya wenye nayo, wawili tu. Alichapisha mwaka 1954, na wakubwa wa fani wakambishia kwa miaka kadhaa kabla ya kukubali.

Yaani aliwatia watu malaria kwa makusudi?

Ndiyo, na walitibiwa baadaye. Sikupambii. Kwa kanuni za leo jaribio hilo lisingepita mezani vile lilivyofanywa. Lingedai kamati ya maadili, fomu ya ridhaa katika lugha ya mtu mwenyewe, na haki ya kujitoa siku yoyote bila kuulizwa. Majaribio ya aina hiyo bado yapo. Hapo Kilifi, kati ya 2016 na 2018, watu wazima waliojitolea waliambukizwa malaria chini ya uangalizi wa madaktari ili ijulikane kwa nini wengine hawaugui, na kelele zikapigwa magazetini kuhusu malipo yao. Zilikuwa kelele za haki kupigwa hata kama majibu yapo. Mtu wa kawaida akinyamaza kabisa juu ya mambo kama haya, hapo ndipo mimi ningeogopa.

Selimundu ni ugonjwa au ni kinga?

Inategemea umerithi kwa mmoja au kwa wote wawili.

Ndani ya chembe nyekundu mna himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Maelezo ya kuitengeneza yameandikwa katika jeni, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwenye selimundu pamebadilika mahali pamoja padogo mno. Chukua neno "pona", geuza herufi moja, lisomeke "pora". Vernon Ingram ndiye aliyepaona mahali hapo mwaka 1956, miaka saba baada ya Linus Pauling kuonyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine.

Aliye na nakala moja mbovu tunamwita AS. Haumwi. Analima, anavua, anacheza mpira, na utotoni alikuwa na ngao dhidi ya malaria kali. Aliye na nakala mbili ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Chembe zake hujipinda, huziba mishipa midogo, na huvunjika mapema. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yake kati ya 10 na 20. Ndiyo maana damu yake haitoshi na macho huwa manjano. Na hapa watu huchanganya: SS hana ngao. Malaria ikimpata inaweza kumuua haraka kuliko mtoto mwingine yeyote. Mama usimwambie mtu kwamba mwanao "ana selimundu kwa hiyo hahitaji neti". Nimelisikia hilo kwa masikio yangu, Ganda.

Mimi AS, mchumba wangu AS. Tuachane?

Hilo silijibu mimi. Ninachoweza kukupa ni hesabu, na hesabu yenyewe huelezwa vibaya kila siku.

Chukua sarafu mbili za shilingi, moja yako na moja yake. Kila mimba ni kuzirusha zote mbili pamoja. Nafasi moja katika nne ni mtoto SS, mbili katika nne ni AS, moja katika nne ni AA asiyebeba chochote. Kosa linalofanywa ni hili: watu huambiwa "mmoja kati ya wanne", wakizaa wa kwanza SS wanasema zamu imekwisha, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sarafu haina kumbukumbu. Nawajua mume na mke waliozaa SS watatu mfululizo, na nawajua wengine waliozaa sita wote wazima wasijue kabisa kwamba wote wawili ni AS.

Pimeni kabla ya posa, si kabla ya arusi. Ukumbi umeshalipiwa, mahari yameshakwenda, hapo hakuna anayefikiri sawasawa.

Na enyi mawifi na kina mama wakwe: mtoto hawezi kuwa SS kwa damu ya mama peke yake. Nusu imetoka kwa mwanenu.

Nitajuaje mtoto wangu anayo?

Kwa kipimo, si kwa kumtazama. Ila dalili ya mwanzo kwa wengi ni vidole vya mikono na miguu kuvimba na kuuma, mtoto akiwa na miezi sita kwenda juu. Kabla ya hapo analindwa na himoglobini aliyozaliwa nayo. Halafu ndiyo huja macho ya manjano, homa za mara kwa mara, wengu kuvimba upande wa kushoto wa tumbo.

Homa kwa mtoto wa selimundu haingojwi mpaka asubuhi. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2009, ukiongozwa na Tom Williams, ulionyesha watoto hawa wana hatari ya bakteria kuingia kwenye damu mara 26 hivi kuliko watoto wengine, na bakteria aliyeongoza ni yule wa nimonia, nyumokoka. Hapo awali wapo waliosema kanuni ya kuwapa penisilini kila siku inafaa Ulaya na Marekani tu, Afrika vijidudu ni vingine. Damu ya watoto wa Kilifi ilimaliza ubishi huo. Chanjo ya nyumokoka iliingia Kenya mwaka 2011; mpeleke mtoto.

Hiyo hidroksiurea ina faida, au ni sumu ya saratani wanayotujaribia?

Ni kweli ilianza kama dawa ya saratani, kwa dozi nyingine. Kwa selimundu huamsha ile himoglobini ya utotoni, nayo haijipindi.

Hofu ya kwamba ingewadhuru watoto wa nchi za malaria ilikuwa hofu ya wanasayansi wenyewe. Ndipo likafanywa jaribio la REACH katika miji minne: Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, watoto wa mwaka mmoja hadi kumi. Majibu yalitoka mwaka 2019. Ukihesabu kwa watoto 100 kwa mwaka mmoja, maumivu makali yalishuka kutoka mara 98 hadi 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Malaria, iliyoogopwa izidi, ilishuka nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Lakini lazima damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu dawa hii ikizidi hupunguza chembe za kinga. Usimeze ya jirani.

Nimesikia Kilifi wamegundua damu yetu ina kitu kingine cha kuzuia malaria. Kweli?

Kweli, na kinaitwa Dantu. Ni kundi la damu adimu duniani, lakini katika kaunti yetu ya Kilifi karibu mtu mmoja kwa kumi analo. Mwanasayansi Mkenya, Silvia Kariuki, na wenzake walichukua damu ya watoto wenye afya wa Kilifi, wakaweka vimelea vya malaria kwenye chembe hizo na kutazama mmoja mmoja akijaribu kuingia. Kwenye chembe za Dantu, ngozi ya chembe imevutika kama ngozi ya ngoma iliyowambwa na kuanikwa juani. Kimelea kinagonga, kinateleza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Na tusishangilie mno, kwa sababu kinga mbili hazijumlishwi kama dengu na dengu. Kuna hali nyingine ya kurithi iliyoenea hapa, thalasemia ya alfa, ambayo nayo hupunguza malaria kali. Utafiti wa Kilifi uliotoka 2005 ulikuta kwamba mtoto aliyerithi hiyo pamoja na AS hukosa sehemu kubwa ya ngao: moja inaifuta nyingine. Ningekuwa nafundisha darasani ningekaa hapo wiki nzima.

Hawa wanaokuja kutoa watoto damu si mumiani?

Nilijua utalifikia. Kwanza neno lenyewe. Mumiani kwa wazee wetu ilikuwa kitu cheusi mfano wa lami, dawa ya kupaka na kunywa, jina likiwa limekuja na majahazi kutoka Uajemi. Baadaye watu wakasema kinapikwa kwa damu ya binadamu, kisha jina likahama kutoka kwenye dawa likamkalia mtu: mnyonya damu anayezunguka usiku. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea Pwani nzima, na aliyeonekana na sare, gari na chupa alikuwa mtuhumiwa tosha.

Sitawacheka walioogopa. Serikali isiyokuuliza lolote inakuja na sindano, ungefikiri nini? Mjomba wangu alijificha kwenye mikoko siku nzima, mwaka siujui, kwa sababu ya gari la afya.

Sasa fanya hivi. Mtafiti akija, muulize mambo manne: unachukua kiasi gani, cha nini, kitawekwa wapi kwa muda gani, na nikikataa mtoto wangu atatibiwa au hatatibiwa? Jibu la nne ndilo kipimo. Anayesema "atatibiwa vile vile" na kuandika hivyo kwenye karatasi unayobaki nayo, huyo ni mtafiti. Matone anayochukua mara nyingi ni kijiko kimoja cha chai au pungufu. Mimi nimeona wanaojibu vizuri na nimeona kijana mmoja aliyemjibu bibi "weka kidole hapa tu", nikamfukuza kutoka kwenye ukumbi.

Damu ninayowekewa hospitali imepimwa nini?

VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, pamoja na kundi lake. Hatukuanzia hapo. Utafiti katika hospitali sita za serikali mwaka 1994 ulikadiria kwamba kati ya kila damu 100 walizowekewa wagonjwa, mbili zilipitisha VVU. Soma tena sentensi hiyo. Hospitali zilikuwa zikijipimia zenyewe, vifaa vikiisha wanakisia, na wachangiaji ni ndugu waliookotwa kwenye korido. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998, uhaba wa damu ulipoanikwa mbele ya dunia, ndipo ikaundwa huduma ya taifa ya damu yenye vituo vya mikoa, chetu kikiwa Mombasa.

Kipimo bado kina upofu. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa leo akaonekana safi. Hizo siku chache hakuna mashine inayozifunga kabisa. Zinafungwa na ulimi wa mchangiaji. Ndiyo maana unaulizwa maswali ya faragha kabla ya kulala kitandani, na ndiyo maana nakataa damu ya kununua. Anayeuza ana sababu ya kuficha.

Kosa gani la damu uliliogopa zaidi kazini?

Watu hutarajia niseme VVU. Hapana. Niliogopa damu nzuri kabisa, iliyopimwa, iliyolala kwenye friji, kwenda kwa mtu siye.

Karl Landsteiner alionyesha mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi na zikichanganywa ovyo hugandana. Mtu wa O akiwekewa A, kingamwili zake hushambulia chembe hizo papo hapo. Mgongo unauma, anatetemeka, mkojo unageuka rangi ya ukwaju, figo zinazima. Anaweza kufa kwa mililita chache, na chanzo mara nyingi si maabara. Ni jina.

Ndiyo, jina. Nyinyi mnajua tunavyopeana majina. Mgiriama humwita mtoto kwa babu na bibi zake, kwa hiyo kijiji kimoja kina Kadzo Kazungu sita na Karisa Charo kumi. Upande wa mjini kila nyumba ina Fatuma Ali. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, usiku mmoja wa mvua, wodi ya kina mama ilikuwa na Kadzo wawili wenye jina moja la baba, kitanda cha tatu na cha tano. Mmoja B, mwingine O. Damu ya kupima ilichukuliwa kwa wote na mtu mmoja kwa mkupuo, vichupa vikaandikwa mezani badala ya kando ya kitanda. Nilipopima nikaona kundi la mmoja halilingani na la mimba yake iliyopita katika daftari letu. Ningekuwa mvivu wa kufunua daftari, ningetoa mfuko. Nilikwenda wodini mwenyewe. Muuguzi alikasirika, na mimi nilikasirika zaidi. Tulikuwa tumekesha sote. Tukachukua damu upya. Vichupa vilikuwa vimepishana.

Tangu hapo sheria yangu ilikuwa: usimwulize mgonjwa "wewe ni Kadzo?" Mwenye homa huitikia jina lolote. Mwulize "jina lako nani, umezaliwa lini, umetoka wapi?" kisha soma namba ya mkononi na namba ya mfuko, watu wawili, kwa sauti. Na wewe ndugu uliyekaa kando ya kitanda, sikiliza. Jina likikosewa, piga kelele, hata kama muuguzi atakununia.

Umeme ukikatika damu inaharibika?

Chembe nyekundu hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 6 za joto, kwa mchanganyiko unaotumika sana, siku 35. Friji ya damu ina king'ora na jenereta nyuma yake. Jenereta isipokuwa na dizeli, hayo ni mambo ya bajeti na nisiyaanze.

Hatari iliyo karibu zaidi ni wodini. Mfuko uliotoka kwenye friji zaidi ya nusu saa haurudishwi, na ukishaunganishwa umalizike ndani ya saa nne. Oliver Hassall na wenzake walipima damu za watoto katika hospitali kuu ya mkoa Mombasa, wakakuta karibu 9 kwa 100 zina bakteria; walichapisha 2009. Joto letu la Machi halisamehi. Usimwombe muuguzi auweke mfuko juani "utoke baridi".

Mwanangu damu iko 5, na daktari amekataa kumwongeza. Nimpeleke kwingine?

Msikilize kwanza. Jaribio la TRACT, lililoongozwa na Kathryn Maitland ambaye kituo chake ni Kilifi, lilifuata watoto 3,196 wa Uganda na Malawi. Waliokuwa na himoglobini ya gramu 4 hadi 6 kwa desilita bila dalili za hatari, kuwaongezea papo hapo au kuwangoja na kuwaangalia kwa karibu hakukuleta tofauti katika vifo. Kuangaliwa kwa karibu ndiyo nguzo: wakishuka chini ya 4, au wakihema kwa shida, wanaongezewa. Na kiasi cha damu ya kuongeza nacho kiligusa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Watoto wasio na homa walifanya vyema wakipewa nyingi zaidi, mililita 30 kwa kila kilo. Wenye homa walifanya vyema na 20. Yaani kipimajoto cha shilingi chache kinaamua ukubwa wa dozi.

Kwa mtoto wa selimundu kuna sababu zaidi ya kutoongeza ovyo. Kila mfuko huacha chuma mwilini, na mwili hauna mlango wa kukitoa. Tena mwili unaoongezewa mara nyingi hujifunza kukataa vijialama vidogo vya chembe za watu wengine, mpaka siku ya dharura hakuna damu inayolingana.

O ni ya kila mtu, sivyo?

Chembe nyekundu za O hasi, yaani zisizo na alama ya Rh, kwa dharura, ndiyo. Lakini kuna watu wanaosomeka O nao si O. Mwaka 1952 huko Bombay madaktari walikuta wagonjwa wasiopatana na damu yoyote, hata O, kwa sababu wanakosa msingi ambao juu yake A na B hujengwa. Ni adimu, ila hupatikana zaidi Bara Hindi, na sisi tuna majirani ambao babu zao walikuja na pepo za kaskazi kutoka huko. Kwa hiyo hata O tunailinganisha na damu ya mgonjwa kabla ya kuitoa.

Naweza kuchangia nikiwa nimefunga?

Kama kuchangia kunafunguza au la, mwulize shekhe wako. Wanalipima kwa kulinganisha na kuumika na hawajakubaliana wote. Kiafya nakushauri uje baada ya futari, umekunywa maji ya kutosha. Ramadhani na likizo za shule ndizo nyakati benki ya damu hukauka, kwa sababu wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa. Kampeni za usiku baada ya tarawehe zinafaa kuliko za saa sita mchana. Niliomba hivyo miaka mingi.

Masharti mengine: umri 16 hadi 65, uzito kilo 50 kwenda juu, himoglobini isipungue 12.5. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake minne.

Selimundu inapona?

Kwa kupandikizwa uboho kutoka kwa ndugu anayelingana, wapo waliopona. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuhariri jeni ya mgonjwa mwenyewe, bei yake Marekani wakati huo dola milioni 2.2. Mganga anayekwambia anaiponya kwa mizizi ya shilingi elfu tano, mwombe cheti cha kipimo cha kabla na cha baada.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, anataka kuwa mtafiti wa damu. Aanzie wapi?

Kemia na biolojia asiziachie. Hisabati pia, maana utafiti wa leo nusu yake ni takwimu. Akikosa udaktari asilie. Njia ya maabara ni nzuri, nami ni shahidi: stashahada au shahada ya sayansi ya maabara, leseni, kisha shahada ya juu. Pwani University iko Kilifi, kilomita 60 tu kutoka hapa, na katika mji huo huo kipo kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust ya Uingereza, kilichoanza 1989, ambacho kimewalea Wakenya wengi hadi uzamivu. Apande matatu siku moja aende akaone.

Mwambie pia kwamba kazi hii si mstari mnyoofu. Allison hakubaki kwenye selimundu. Aliongoza maabara ya magonjwa ya mifugo Nairobi, kisha akahamia California, ambako yeye na mkewe Elsie Eugui walitengeneza njia ya kutumia mikofenoleti, dawa anayomeza mtu aliyepandikizwa figo ili mwili usiikatae. Alifariki 2014. Ukitazama vizuri ni swali lile lile alilolibeba tangu 1949: mwili unakubali nini, unakataa nini, na kwa faida ya nani.

Na mwambie ajifunze Kigiriama sawasawa, siyo kile cha salamu. Atakihitaji kuliko Kifaransa.

Soda mnayotoa baada ya kuchangia ni malipo?

Ni maji na sukari, mwanangu. Umetoa mililita 450, kaa dakika kumi, kunywa, usipande bodaboda ukiwa na kizunguzungu. Ukipenda dafu kuliko soda, njoo nalo. Hakuna aliyewahi kukatazwa.